Kikombe cha Pili na cha Nne

New Hope, Minnesota
Jumapili, 9 Novemba 2025

Shikamoo Babu,

Nimeanza barua hii mara nne. Tatu ziko kwenye kapu la taka kwa sababu zilianza na habari za baridi, na najua baridi ya huku haikuhusu. Basi naanza na chai.

Kuna duka Saint Paul, ng'ambo ya mto, la mzee wa Kichina anayeitwa Shen. Kemunto, rafiki yangu wa Kisii ambaye ana leseni ya kuendesha gari na mimi sina, hunipeleka huko Jumapili baada ya ibada. Ni chumba kimoja chenye meza moja. Mzee Shen anamimina, sisi wanne au watano tunakunywa kwenye vikombe visivyozidi yai, na hakuna anayelazimika kusema chochote. Shuleni kila nikitaka kunyoosha mkono huwa naipanga sentensi kichwani mpaka mwalimu anahamia ukurasa mwingine. Pale dukani nikinyamaza watu wanadhani nafikiri.

Chai yake inaitwa pu-erh, inatoka Yunnan, Uchina. Majani hupitishwa kwenye mvuke, hushindiliwa yakawa duara gumu kama chapati nene, wao wanaita keki, halafu huachwa tu. Miaka kumi, ishirini. Wanasema inazidi kuwa nzuri. Ipo moja ya mwaka 2008, mwaka niliozaliwa, na imebaki hiyo hiyo. Mzee Shen anafunga duka mwisho wa Januari, anahamia kwa mwanawe California, na ameniwekea mpaka hapo. Nilifanya kazi maktaba majira yote ya joto, kwa hiyo fedha ninayo, ila itakwenda karibu yote. Baba anasema hiyo ni fedha ya kujifunzia gari, na kwamba chai ya miaka kumi na saba kwenu Tukuyu ingemwagwa kwenye migomba. Kemunto ameniuliza kwa nini napenda kununua vitu vilivyo-expire.

Nilipoionja mara ya kwanza nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, mpaka Kemunto akaninong'oneza choo kiko wapi. Tangu siku hiyo situlii. Lakini sijui kama niuamini ulimi wangu. Wako umeonja chai kiwandani miaka thelathini na moja. Nikikutumia kidogo, utanionjea?

Mjukuu wako,
Tumpe


Tukuyu
21 Novemba 2025

Tumpe,

Marahaba. Shangazi yako Ernestine aliitoa barua yako kwenye simu, akaichapisha dukani kwa herufi kubwa ambazo hata mbuzi angezisoma. Masikio ndiyo yamekufa, mwambie, macho bado. Hii yangu kijana wa duka hilo ataipiga picha akutumie.

Chai ya miaka kumi na saba. Nimecheka mpaka kuku wakahama barazani. Kazini kwetu chai ya miezi minane tuliiita marehemu. Lakini hiyo yako sijaionja, na asiyeonja hana neno. Tuma.

Ila tutafuata utaratibu wangu. Usiniandikie jina, wala mwaka, wala bei. Weka namba tu. Muonjaji akishajua jina la shamba, ulimi wake unakwenda kuwasalimu wenye shamba kabla ya kuonja. Wala usiniulize ipi inaishinda ipi. Kila kikombe nakihukumu peke yake, kama vile hakina jirani mezani. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ninavyofanya hadi leo kila Jumatatu, kikundi cha wakulima kinapokuja kunichukua kwa pikipiki nikaonje chai ya wiki. Nikiikubali inaingia kwenye magunia ya mnunuzi wa nje. Nikiikataa inauzwa sokoni kwa bei ya sokoni. Kaya mia mbili na zaidi zinangoja mdomo wa mzee mmoja kiziwi. Usimwambie mtu, lakini siku nyingine sita za wiki mimi huwa sina kazi nazo.

Kuna mtu anayekuja Krismasi? Asiifungashe pamoja na sabuni.

Babu yako,
Eliakim


New Hope
Jumapili, 7 Desemba 2025

Shikamoo Babu,

Mama Lois wa Woodbury, yule muuguzi anayesali nasi, anaondoka Alhamisi kwenda Mbeya. Nilimwomba asiiweke chai karibu na sabuni. Akacheka, akasema sanduku lake lote ni sabuni na vitamini, lakini ataibeba kwenye mkoba wake wa mkononi, akikaguliwa atasema ni dawa ya babu wa Tumpe.

Pakiti ni nne, kila moja nimeizungushia karatasi ya aluminiamu mara mbili. Namba moja mpaka nne. Zaidi ya hapo sisemi, na kutosema, kama unavyojua, ndicho kipaji changu.

Kila Jumapili nikiingia dukani naangalia rafu kabla ya kumwamkia mwenye duka. Keki bado ipo. Natamani Mama Lois angepanda ndege leo.

Tumpe


Tukuyu
4 Januari 2026

Tumpe,

Heri ya mwaka mpya. Nimeonja asubuhi kabla ya kula, kwa maji yaliyochemka mara moja tu.

Ya kwanza bado mtoto. Chungu, ina nguvu, haina adabu.

Ya pili. Hapa na mimi nilisimama. Ina harufu ya ghala la mbao mvua inapokatika, haina ukali wowote, na utamu wake haupo mdomoni, unakuja baadaye kooni wakati umekwisha kutema. Nikatema mara mbili, mara ya tatu nikameza. Miaka thelathini na moja sikuwahi kumeza kazini.

Ya tatu ni nyeusi na laini, imeivishwa kwa haraka. Mtu mwenye haraka ataipenda.

Ya nne ni mbaya. Ina uchachu chini ya ulimi, na nyuma ya uchachu kuna mkaa. Iliwekwa kwenye moto mkali, ikakauka nje, maji yakafungiwa ndani. Kiwandani tulisema jani limejifunga. Ukiitazama inapendeza. Miaka haiiponyi, inaiongezea.

Kama unayoitaka ni ya pili, inunue. Kama ni ya nne, mwache mzee wa watu ahame nayo.

Eliakim


New Hope
Jumanne, 6 Januari 2026

Shikamoo Shangazi Ernestine,

Barua hii naomba usimchapishie Babu. Ni yako peke yako.

Babu amezionja chai zangu nne. Ya pili ameisifu kuliko nilivyowahi kumsikia akisifu kitu. Ya nne amesema ni mbaya, ikimbiwe. Shangazi, ya pili na ya nne ni chai moja. Ni keki moja, karatasi moja, mwaka mmoja. Ya pili Mzee Shen aliibandua ukingoni. Wiki iliyofuata nikaomba tena, akaichimbua kwa sindano yake upande wa nyuma, pale katikati penye shimo kama kitovu. Mimi nimekunywa zote mbili na sikuona tofauti.

Nilisoma kwenye kitabu kwamba waonjaji hupimwa hivyo, kwa vikombe viwili vya chai moja. Sikutaka kumtega. Labda nilitaka, lakini si kwa ubaya. Nilitaka aniambie mara mbili kwamba ni nzuri.

Sasa nakumbuka ile homa aliyougua Julai, na nimesoma kwamba homa inaweza kuondoka na pua ya mtu, na ulimi ukafuata. Huenda hata yeye hajui. Na wakulima wote wale wanamngoja aseme. Nimezunguka chumbani mpaka Mama akaja kuuliza kama nimepoteza kitu. Nikinyamaza, halafu chai yenu ikarudishwa na mnunuzi, nitakuwa nilijua. Kumuuliza mwenyewe siwezi. Wewe ni mtoto wake na uko karibu. Tafadhali angalieni taratibu, asiumie.

Nashukuru sana,
Tumpe


Tukuyu
10 Januari 2026

Mwanangu Tumpe,

Marahaba. Umenitua mzigo ambao tulikuwa tumeubeba kimya kimya.

Tangu Novemba Babu yako anasema mtambo wa kukaushia chai una moto mkali mno. Amekataa chai ya wiki tatu mfululizo, chai nzuri, ikaenda kuuzwa sokoni, na watu wamenung'unika. Mtambo wenyewe ni mpya. Gaudens, kijana aliyekuja kutoka kozini, ameangalia kipimajoto kila siku na kinaonyesha sawasawa. Kwenye kamati kila mtu aliwaza unayoyawaza wewe, ila nani amwambie Mzee Eliakim? Mimi ni katibu wao na ni binti yake, nikashindwa pande zote mbili.

Barua yako nimemwonyesha mwenyekiti peke yake. Tumekubaliana Gaudens ndiye atakayeonja mpaka msimu uishe, na Babu ataambiwa pikipiki imeharibika. Hakuna aibu yoyote itakayompata. Umefanya jambo la mtu mzima.

Shangazi yako,
Ernestine


Tukuyu
26 Januari 2026

Tumpe,

Leo ni Jumatatu ya tatu bila pikipiki. Wanasema imeharibika. Mimi ni kiziwi, si kipofu. Imepita hapa chini barabarani saa mbili na nusu, Gaudens yuko nyuma, ameshika kijiko changu cha kuonjea.

Nilikuwa nimevaa viatu tangu saa kumi na mbili. Nimekwenda mpaka kwenye geti nikarudi, nikaenda nikarudi, mpaka mke wa jirani akatuma mtu kuuliza kama ng'ombe amepotea. Kila ninayemuuliza anaongea upande wa sikio lililokufa zaidi. Ernestine analeta ndizi na kuondoka kabla sijamaliza kushukuru.

Nimejiuliza kama nimepoteza ulimi. Nimejionjesha chumvi, ndimu na majivu, macho yamefungwa. Vyote vipo mahali pake. Kwa hiyo nasema tena, ule mtambo ni mkali, na tarehe 14 Februari lori la mnunuzi linapakia.

Wewe unasoma vitabu na shangazi yako anakuandikia. Umesikia lolote? Niambie ukweli, hata ukiwa wa mstari mmoja.

Na ile ya pili, umeinunua?

Eliakim


New Hope
Jumapili, 8 Februari 2026

Shikamoo Shangazi,

Naandika nikiwa nimesimama. Tafadhali isome hii leo, usingoje jioni.

Keki niliinunua Jumamosi ya tarehe 31 Januari, siku ya mwisho ya duka. Mzee Shen alinifundisha kuivunja na kuiweka kwenye chungu ipumue wiki chache kabla ya kunywa. Leo baada ya ibada nikaanza. Ukingoni iliachia vizuri, majani ya kahawia, harufu ile ile ya Babu, ghala la mbao. Nilivyokaribia katikati ikawa ngumu. Nikatumia bisibisi ya Baba. Ilipopasuka, moyo wake ulikuwa mweusi kama mkaa, unang'aa, na harufu ikatoka chachu mpaka Mama akafungua dirisha, na nje ni baridi ya kuua.

Nilimpigia Kemunto, na kwa mara ya kwanza hakunitania, akanipeleka moja kwa moja dukani. Mzee Shen alikuwa bado anafunga maboksi. Akanusa, akageuza vipande kwenye kiganja. Halafu akaniambia kwao kasoro hiyo ina jina, wanaiita moyo ulioungua. Keki ilishindiliwa mno, ikakaushwa kwa moto mkali, nje ikakauka na ndani maji yakabaki. Nje haionekani. Alipochimba kwenye kitovu kumbe alikuwa ameugusa huo moyo, naye hakujua.

Ni maneno ya Babu, Shangazi. Ukingo mzuri, moyo mbaya. Alionja chai moja akaniambia mambo mawili, na yote mawili ni kweli. Mzee Shen alitaka kunirudishia fedha. Nimekataa. Niliambiwa niikimbie, na aliyeniambia nikamwita mgonjwa.

Sasa kama ulimi wake ni mzima, basi mtambo wenu ni mkali kweli, kipimajoto kiseme kinavyosema. Lori linapakia Jumamosi. Nakuomba mfungue magunia yaliyojazwa tangu Babu aache kuja. Msifungue ya juzi. Fungueni yale yaliyokaa wiki tatu au nne, mnuse katikati.

Na hii barua ya pili iliyo chini yake, mchapishie Babu.

Tumpe


New Hope
Jumapili, 8 Februari 2026

Shikamoo Babu,

Uliniomba mstari mmoja. Ni huu: pikipiki haijaharibika, ni mimi.

Namba mbili na namba nne zilitoka kwenye keki moja. Sikukuambia. Uliposema moja ni nzuri na moja ni mbaya, nikaamini umepoteza ulimi, na sikukuuliza wewe, nilimwandikia Shangazi. Wao wakafanya waliyofanya kwa sababu ya barua yangu. Leo nimeipasua keki. Katikati imeungua kama ulivyosema. Ulikuwa sahihi kwa vikombe vyote viwili.

Barua yako ya viatu na geti ninayo siku kumi na tatu chini ya kamusi. Kila nilipokaa kuandika nilipata kitu kingine cha kusoma. Nilikuwa najiambia naogopa kukuumiza. Si kweli. Niliogopa kukuambia nikiwa nakutazama, hata kwenye karatasi. Ni woga ule ule wa darasani, ila darasani haumdhuru mtu.

Sijui naruhusiwa kuomba nini. Naomba radhi.

Tumpe


Tukuyu
12 Februari 2026

Tumpe,

Tumefungua magunia kumi na mawili mbele ya kamati. Saba yamechacha katikati. Mwenyekiti aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akanusa, akaketi chini. Gaudens ameazima hospitali ya mifugo kipimajoto cha mtambo wao wa kuchemshia vifaa: kile cha mtambo kinasoma pungufu. Maskini, kijana amelia. Mnunuzi tumempigia, lori litangoja wiki tatu, na tutampa kidogo kuliko tulivyoahidi.

Jana tulikwenda kwa Babu, kamati nzima, na kijiko chake kimefungwa kwenye kitambaa. Hakufungua mlango. Alisema kupitia dirisha kwamba anasikitika, pikipiki imeharibika.

Mimi nilibaki barazani mpaka jioni. Barua yako nimeipitisha chini ya mlango.

Ernestine


Tukuyu
3 Machi 2026

Tumpe,

Marahaba. Nimekukasirikia siku kumi na moja. Ya kumi na mbili nilichoka. Za shangazi yako bado ninazo siku chache.

Kamati ilirudi mara tatu. Mara ya tatu nikawafungulia, lakini kurudi kwenye meza kwa sababu mjukuu amepasua keki Marekani nilikataa. Niliwaambia waite mkutano, waniwekee vikombe tisa, watu wote wakitazama, na ndani yake waweke mitego wanayoitaka. Walikuja watu wengi, wengine wamebeba watoto. Gaudens ndiye aliyepanga vikombe. Nilipata vinane. Cha saba nilikosea, nilisema ni cha wiki iliyopita na kilikuwa cha juzi. Nikawaambia kiandikwe hicho hicho, cha saba amekosea, na kibandikwe ukutani. Na nimeomba Gaudens aonje kando yangu tangu sasa, kila mmoja na karatasi yake, tusitazamane. Ulichokihofia hakikuwa ujinga, Tumpe. Mzee wa miaka sabini na tisa apimwe. Ila apimwe mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti, si akiwa nyumbani amevaa viatu.

Sasa jambo linalonisumbua. Unasema ulikunywa ya pili na ya nne na hukuona tofauti. Nimelifikiria sana, maana barua zako zinaonyesha mtu mwenye ulimi. Nadhani najua. Wewe ulikuwa unaitaka ile chai, mwaka wako, keki ya mwisho, duka linafungwa. Mimi sikuitaka. Ndiyo maana mimi niliionja na wewe uliinywa tu.

Ule moyo ulioungua usiutupe. Vunja kipande kidogo, tia maji yaliyochemka mara moja, kabla ya kula. Usimeze. Usitafute neno zuri la kuniandikia, tafuta mahali. Anzia chini ya ulimi, upande wa kushoto. Itakuchukua siku nyingi, pengine mwezi, na utakuwa unasimama na kukaa. Ukiupata huo uchachu niandikie mimi, si shangazi yako.

Babu yako,
Eliakim